Chuma ‘sawa na hicho’: Bei ni ya dukani, mshono ni wa mkandarasi

KATIKA orodha za bei za waagizaji wa vyuma hakuna maneno yanayouza haraka kama “sawa na”. Mnunuzi anafika na mchoro wa mhandisi uliotaja gredi fulani ya Uingereza au ya Marekani. Ghalani gredi hiyo haipo, au ipo kwa bei ya juu. Muuzaji humwonyesha chuma kingine kilichotoka China, India au Japani, chenye unene ule ule na uzito ule ule kwa mita, na kumhakikishia kuwa ni sawa na hicho alichotumwa. Hesabu ya zabuni inapungua, pande zote mbili zinaridhika, na lori linapakiwa.

Kinachosahaulika wakati wa kupatana bei ni kwamba chuma hicho kinakwenda kuchomelewa. Mkandarasi aliyesaini mkataba unaotaja kanuni ya uchomeleaji huulizwa na mkaguzi swali moja: taratibu ya kuchomelea chuma hiki imethibitishwa vipi? Asipokuwa na jibu, kazi husimama, na faida aliyoipata kwa kila tani inaweza kuliwa yote na siku za kusubiri maabara.

Suala hili lina uzito wake Afrika Mashariki. Viwanda vya kanda hii vinatoa nondo, vyuma vya pembe na mabomba, lakini mihimili mikubwa na mabamba mazito kwa sehemu kubwa huletwa kwa meli. Michoro nayo ina asili mbalimbali. Yupo mhandisi aliyesomea viwango vya Uingereza, yupo mfadhili anayetaka vya Ulaya, ipo kampuni ya mafuta inayotaka vya Marekani, na yupo mkandarasi wa Kichina anayekuja na vya kwao. Wahenga walisema mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali. Katika biashara hii hata mchele wenyewe si mmoja.

NAMBA ZINAVYODANGANYA

Mtego wa kwanza uko kwenye jina la gredi. Katika S355 ya Ulaya, namba 355 ni megapaskali, na inaonyesha kiwango ambacho chuma kikivutwa kupita hapo hakirudi tena katika umbo lake. Hicho ndicho kiwango ambacho mhandisi hukitumia katika hesabu zake. A36 ya Marekani nayo inataja kiwango hicho hicho, ila kwa vipimo vya kwao: paundi 36,000 kwa inchi ya mraba, sawa na takriban megapaskali 250. Q235 na Q355 za China zinafuata mtindo wa Ulaya.

SS400 ya Japani haifuati mtindo huo. Hapo 400 ni nguvu ya chini ambayo chuma hukatika kikivutwa. Kiwango chake cha kutorudi katika umbo ni megapaskali 245 kwa unene usiozidi milimita 16. Mnunuzi asiyefahamu akiona 400 ni kubwa kuliko 355 anaweza kudhani amepandishwa gredi kwa bei ya chini, kumbe ameshushwa kwa karibu theluthi moja.

Majina ya zamani ambayo bado yanaonekana kwenye michoro yana mtego huo huo. Gredi 43 na 50 za kiwango cha Uingereza cha BS 4360 zilihesabiwa kwa nguvu ya kukatika, na leo nafasi zake zimechukuliwa na S275 na S355. St 37 na St 52 za Kijerumani ni mtindo huo huo. Ya kwanza imekuwa S235 na ya pili S355. BS 5950, kanuni ya usanifu ambayo wahandisi wengi wa Afrika Mashariki walilelewa nayo, iliondolewa rasmi huko Uingereza mwaka 2010, lakini michoro iliyotokana nayo haikuondoka makabatini siku hiyo.

Wachina nao walibadilisha. Toleo la mwaka 2018 la kiwango cha GB/T 1591 liliiondoa Q345 na kuweka Q355. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo la 10 lilitokana na namna ya kupima, kwa sababu kiwango kipya kinasoma kilele cha mwanzo cha mvuto badala ya bonde linalofuata. Kwa hiyo hati inayosema Q345 kwenye shehena mpya inastahili swali: imetengenezwa kwa toleo lipi, na lini?

KABONI ISIYOANDIKWA

Hata pale nguvu zinapolingana, mambo hayajaisha. Mfano unaofaa kuangaliwa kwa karibu ni huo huo wa SS400 na A36, kwa kuwa ndio ubadilishanaji unaofanyika sana madukani. Kwa nguvu, vyuma hivi ni ndugu: 245 kwa 250, na vyote vinaanzia megapaskali 400 kwenye kukatika. Jedwali la ulinganisho linaloning’inia ukutani kwa muuzaji halisemi uongo hapo.

Lakini kiwango cha JIS G 3101 kinachoitawala SS400 kinaweka ukomo kwa vitu viwili tu katika mchanganyiko wa chuma hicho, yaani fosforasi na salfa, kila kimoja kisizidi asilimia 0.050. Kaboni haikuwekewa ukomo. Kiwanda kinaweza kuifikia nguvu inayotakiwa kwa njia yoyote inayokifaa, na kuongeza kaboni ni miongoni mwa njia za bei rahisi. A36 kwa upande wake inataja ukomo wa kaboni, asilimia 0.25 kwa mabamba membamba.

Wajapani wenyewe hawakuikusudia SS400 iwe chuma cha kuchomelewa katika kazi nzito. Wanacho kiwango kingine, JIS G 3106, chenye gredi za SM, kwa ajili ya miundo inayochomelewa. Mwaka 1994 waliongeza JIS G 3136 kwa ajili ya majengo. Yaani aliye Tokyo akitaka kuchomelea anaagiza SM400, na aliye Dar es Salaam anauziwa SS400 na kuambiwa ndiyo chuma cha Japani.

Kwa nini kaboni inaleta matatizo? Mchomeleaji anapopitisha mshono, ukanda mwembamba wa chuma kando yake hupata joto kali kisha hupozwa haraka na chuma baridi kilichouzunguka. Kaboni ikiwa nyingi ukanda huo huwa mgumu na kukosa unyumbufu, kama msumeno uliochovywa majini. Hidrojeni kutoka kwenye unyevu wa kijiti ikiingia humo, nyufa hutokea baada ya saa kadhaa, pengine siku kadhaa, wakati fundi amekwishalipwa na rangi imekwishapakwa.

Kaboni haifanyi kazi hiyo peke yake. Taasisi ya kimataifa ya uchomeleaji, IIW, ina hesabu inayotumika duniani kote: kaboni, jumlisha manganizi iliyogawanywa kwa 6, jumlisha kromiamu, molibdeni na vanadi kwa pamoja zikigawanywa kwa 5, jumlisha nikeli na shaba zikigawanywa kwa 15. Jumla yake huitwa kaboni linganifu. Kiwango cha Ulaya cha EN 10025-2 kinaitaka jumla hiyo isizidi asilimia 0.45 kwa S355 yenye unene wa hadi milimita 30.

Mwagizaji anaweza kuifanya hesabu hii kwa kikokotoo cha mfukoni. Chukua bamba lenye kaboni 0.15 na manganizi 1.30: jumla ni karibu 0.37, na fundi atafanya kazi kwa raha. Chukua jingine lenye kaboni 0.20 na manganizi 1.60. Kila namba ikisomwa peke yake iko ndani ya ukomo wa S355J2, lakini jumla inafika karibu 0.47 kabla hata ya kuongeza vanadi na wenzake. Bamba hilo limevuka. Mabamba hayo mawili yanaweza kuuzwa kwa jina moja na bei moja.

ORODHA NA MAKUNDI

Hapa ndipo kanuni zinapotofautiana, na tofauti hiyo ni ya fedha. Kanuni ya Chama cha Uchomeleaji cha Marekani, AWS D1.1, imejengwa juu ya orodha. Chuma kikiwa kwenye orodha ya vilivyokubaliwa, na aina ya kiungo, kijiti na joto la kutangulia vikafuata majedwali yake, mkandarasi anaandika karatasi ya taratibu na kuanza kazi bila kupeleka kipande maabara. Huo ni unafuu mkubwa. Orodha hiyo katika matoleo ya mwaka 2015 na 2020 ina vyuma vya ASTM, vya taasisi ya mafuta ya API na vya ABS ya meli. S355 ya Ulaya haimo. Q355 haimo. SS400 haimo.

Kutokuwemo si kukatazwa, na wauzaji wana haki ya kulisema hilo. Mhandisi wa mradi anaweza kukubali chuma kisichomo. Ila kwa sehemu kuu za jengo ukubali wake hauondoi jaribio: unafuu wa orodha unapotea na mkandarasi anapaswa kuithibitisha taratibu yake kwa kuchomelea bamba la majaribio la chuma hicho hicho. Kwa mshono wa kupenya unene wote, bamba hukaguliwa kwa macho na kwa eksirei au mawimbi ya sauti, kisha hukatwa vipande. Viwili vinavutwa hadi kukatika na vinne vinakunjwa. Ufa wowote kwenye mkunjo ukizidi milimita 3, kipande kimeanguka.

Mkandarasi mwenye hesabu nzuri huchagua bamba la majaribio kwa akili. Likiwa na unene wa milimita 20, taratibu inaruhusiwa hadi milimita 40. Likifika milimita 25, hakuna tena ukomo wa juu. Tofauti hiyo ndogo inaweza kumwepusha na jaribio la pili mwaka unaofuata.

Ulaya walichukua njia nyingine. Kanuni ya EN ISO 15614-1 inataka jaribio, lakini vyuma vimepangwa katika makundi. Vyuma vya kawaida ambavyo kiwango chake hakizidi megapaskali 275 viko kundi la 1.1, vinavyozidi hapo hadi 360 viko 1.2. Aliyefaulu kwa chuma cha 1.2 anaruhusiwa pia kuchomelea cha 1.1. Zaidi ya hayo, Shirika la Viwango la Kimataifa limetoa majedwali yanayoviweka vyuma vya Marekani na Japani katika makundi hayo hayo. Kwa mwagizaji wa Mombasa au Dar es Salaam anayepata shehena kutoka bandari tofauti kila mara, njia ya Ulaya ndiyo yenye huruma zaidi, kwa sharti kwamba hati ya kila shehena inaonyesha chuma kiko kundi gani.

Ipo pia njia ya katikati, ambayo haitumiwi vya kutosha: kuagiza chuma chenye hati mbili. Kiwanda kikiombwa mapema, kinaweza kuthibitisha mkupuo mmoja wa tanuru kwa viwango viwili, kwa mfano S355 pamoja na A572 gredi 50. Si jambo la kubandika jina la pili kwenye karatasi. Gredi ya A572 inataka kiasi kidogo cha niobi au vanadi, na S355 nyingi hupata nguvu zake bila hivyo. Anayeomba hati ya pili baada ya meli kutia nanga kwa kawaida ameshachelewa.

LOS ANGELES, 1994

Wapo wanaosema kuwa ubaya ni chuma kuwa dhaifu tu, na kwamba kikiwa na nguvu kuliko ilivyoandikwa mteja amepewa zawadi. Tetemeko la Northridge lililopiga eneo la Los Angeles tarehe 17 Januari 1994 lilitoa somo lililo kinyume na hilo.

Baada ya tetemeko hilo, wakaguzi walikuta viungo vilivyochomelewa kati ya mihimili na nguzo vimepasuka katika majengo zaidi ya 100 ya fremu za chuma. Majengo hayo hayakuanguka, na kwa mengine nyufa zilionekana baada tu ya kuta za mapambo kubanduliwa. Wasanifu walikuwa wamepanga mihimili ya A36 ipinde kwanza na kula nguvu ya tetemeko, huku nguzo za gredi 50 zikibaki imara. Lakini kwa miaka kadhaa viwanda vya Marekani vinavyoyeyusha vyuma chakavu vilikuwa vikitoa chuma kimoja kinachokidhi A36 na gredi 50 kwa wakati mmoja, kwa kuwa A36 ilitaja kiwango cha chini cha kutorudi katika umbo bila kutaja cha juu. Mihimili iliyonunuliwa kama A36 ilikuwa na nguvu karibu sawa na nguzo, au zaidi. Mzigo uliokusudiwa kwenda kwenye mhimili ukaenda kwenye mshono.

Chuma hakikuwa mkosaji pekee. Kijiti cha waya cha E70T-4 kilichotumika sana wakati huo hakikuwa na ustahimilivu wa kupigwa ghafla, na mabamba ya kuzuilia mshono yaliyoachwa chini ya viungo yalisaidia nyufa kuanza. Matokeo yake soko zima lilibadilika. Mwaka 1998 ilitolewa A992, chuma cha mihimili chenye ukomo wa juu wa megapaskali 450 na uwiano uliodhibitiwa kati ya kunyumbuka na kukatika. Mwaka 2000 ulitoka mwongozo wa FEMA, na mwaka 2005 AWS ilitoa D1.8 kwa ajili ya maeneo ya matetemeko. Nchi zilizopitiwa na Bonde la Ufa zina sababu ya kufuatilia habari hizo.

GRAMU NANE KWA TANI

Kisa kingine hakikuanzia karakana bali ofisi ya kodi. China ilikuwa ikirejesha sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani kwa wauzaji nje wa chuma chenye mchanganyiko maalumu, huku chuma cha kawaida kikinyimwa. Kwa taratibu za forodha za kimataifa, chuma huhesabiwa kuwa cha mchanganyiko maalumu kikiwa na boroni kuanzia asilimia 0.0008. Hizo ni gramu 8 katika tani nzima. Viwanda vikaanza kutia boroni, gharama ikawa ndogo mno, na marejesho yalikuwa kati ya asilimia 9 na 13.

Kwa mwagizaji hiyo ilikuwa bei nafuu. Kwa mchomeleaji ilikuwa habari nyingine, kwa sababu boroni huongeza ugumu wa chuma kinapopozwa haraka hata ikiwa ndogo namna hiyo, na haimo kabisa katika hesabu ya IIW. Hati ikaonyesha kaboni linganifu nzuri, na chuma kikawa na tabia ya chuma kilichovuka. Hesabu nyingine ya Kijapani, inayoitwa Pcm, inaihesabu boroni kwa kuizidisha mara 5, lakini mnunuzi anayetumia hesabu ya kwanza peke yake hawezi kuona kitu.

Beijing ilifuta marejesho hayo kwa chuma cha boroni kuanzia tarehe 1 Januari 2015. Viwanda vikahamia kwenye kromiamu, ambayo angalau inahesabiwa. Kisha kuanzia tarehe 1 Mei 2021 China ikafuta marejesho kwa bidhaa 146 za chuma, na sababu yenyewe ikapungua nguvu. Hata hivyo chuma hakiozi kama nyanya. Mabamba ya miaka hiyo yanaweza kukutwa nyuma ya ghala fulani au kuuzwa tena baada ya kubomolewa kwa jengo, na anayeyanunua afaidike na kuuliza kipimo cha boroni.

SINGAPORE ILIVYOAMUA

Serikali chache zimelishughulikia jambo hili kwa uwazi kama Singapore, nchi isiyo na madini ya chuma na inayojenga kwa kasi. Mwaka 2008 mamlaka ya majengo ya huko ilitoa mwongozo uitwao BC1, uliofuatiwa na toleo la 2012, unaoruhusu vyuma vya Marekani, Japani, Australia na China kutumika katika majengo yaliyosanifiwa kwa kanuni za Uingereza na Ulaya.

Mwongozo haukusema kipi ni sawa na kipi. Uliweka matabaka matatu. Chuma chenye hati kamili na kiwanda chenye udhibiti uliothibitishwa kinahesabiwa kwa nguvu zake zote. Ambacho udhibiti wa kiwanda chake haukuthibitishwa kinapimwa, na kikifaulu kinatumika kwa nguvu iliyopunguzwa kidogo. Kisicho na uthibitisho wowote kinahesabiwa kuwa na megapaskali 170 tu, hata kama ubavuni kimeandikwa 355. Kwa maneno ya sokoni, karatasi ikikosekana mnunuzi anapoteza zaidi ya nusu ya alichokilipia. Huo ni utaratibu ambao mfanyabiashara anauelewa bila kwenda chuo cha uhandisi, na ni vigumu kuona kwa nini nchi zinazoagiza chuma kama Singapore zisiuige.

KIJITI NACHO

Karakana nyingi za mijini zimezoea kijiti cha 6013. Kinawaka kwa urahisi, kinapatikana karibu kila duka la vifaa vya ujenzi, na mshono wake unapendeza. Kwa mageti, madirisha na paa jepesi hakuna ugomvi. Lakini pale chuma cha A36 kinapobadilishwa na cha jamii ya S355 kwa sababu tu ndicho kilichopo, kijiti nacho kinatakiwa kibadilike. Chuma hicho huanza kukatika kwenye megapaskali 470, na mshono wa 6013 hauahidiwi kufika hapo. Kanuni ya Marekani kwa vyuma vya kundi la gredi 50 inataka vijiti vya hidrojeni kidogo kama 7018.

Vijiti hivyo vina gharama zake. Boksi likifunguliwa vinatakiwa kukaa kwenye oveni yenye joto lisilopungua nyuzi 120, na vikitolewa nje, 7018 ya kawaida ina saa nne. Kwa unyevu wa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, saa hizo nne si urasimu wa wazungu. Unene nao una madai yake: A36 ya milimita 20 hadi 38 ikichomelewa kwa kijiti kisicho cha hidrojeni kidogo inapaswa kupashwa moto hadi nyuzi 65 kabla ya kuanza, lakini kwa kijiti cha hidrojeni kidogo nyuzi 10 zinatosha, na pwani hizo zipo bila kuwasha chochote.

Mwenye karakana anayeweka bei ya zabuni kwa kuhesabu tani na siku za fundi peke yake ataiacha oveni, gesi ya kupashia moto na vijiti vyenyewe nje ya hesabu. Mshindani wake aliyeviweka ataonekana ghali.

KABLA YA KULIPA

Hati inayotakiwa ni ile ya kiwanda, aina ya 3.1 kwa kiwango cha EN 10204, iliyosainiwa na idara ya ukaguzi isiyo chini ya wazalishaji. Aina ya 2.2 hutoa matokeo ambayo si lazima yawe ya chuma kile kilicholetwa. Namba ya mkupuo wa tanuru kwenye hati lazima ilingane na iliyogongwa au kupakwa rangi kwenye bamba. Bamba likikatwa ghalani na kipande chenye namba kikauzwa kwanza, kilichobaki ni yatima, na muuzaji makini huihamishia namba kabla ya kuwasha mashine ya kukatia.

Kenya ilianza kukagua bidhaa kabla hazijapakiwa melini mwaka 2005, na Tanzania kupitia TBS mwaka 2012. Cheti cha ukaguzi huo kinahusu bidhaa na kiwango chake. Hakisemi lolote kuhusu taratibu ya uchomeleaji, na mkandarasi anayekionyesha mbele ya mkaguzi wa mishono anaonyesha karatasi sahihi mahali pasipo pake.

Aidha, pamezuka mtindo wa kupima chuma ghalani kwa kifaa cha mkononi cha eksirei chenye umbo la bunduki. Kinafaa kuonyesha manganizi na kromiamu, lakini hakisomi kaboni, wala boroni. Anayetaka kujua kaboni anahitaji mashine inayochoma cheche juu ya chuma na kusoma mwanga wake, au kipande kipelekwe maabara. Malipo ya kipimo kimoja ni madogo ukilinganisha na bei ya tani 20 za mabamba, na yanaweza kuwekwa kwenye mkataba wa mauzo kwa sentensi moja: mnunuzi apime, na kaboni linganifu ikizidi kiasi walichokubaliana, mzigo urudi kwa gharama ya muuzaji.

Kinachobaki ni kalenda. Shehena kutoka bandari za China huchukua wiki kadhaa baharini. Mkandarasi anayeomba hati kwa barua siku ya kulipa malipo ya awali ana muda wote huo wa kusoma namba, kupata kibali cha mhandisi kwa maandishi na kuandaa karatasi ya taratibu. Akiweza kuletewa kwa ndege bamba moja dogo la mkupuo ule ule, vipande vya majaribio vinaweza kuwa vimekwishavutwa na kukunjwa wakati kontena zinashushwa bandarini.